Nguchiro na Mtama wa Tufani

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakiazimana chumvi na kuulizana hali kila asubuhi, kilikuwapo kisiwa kidogo kilichoitwa Uvuoni. Maji yakipwa sana uliweza kutembea kwa miguu mpaka bara. Yakijaa, kisiwa kilibaki peke yake.

Siku moja ikapiga tufani. Vuuu! Ikang'oa makuti ya mapaa, ikalaza migomba yote, ikaingiza maji ya chumvi mashambani. Ilipopita, hapakuwa na muhogo wala hindi la kutia chunguni.

Aliyepata tabu kuliko wote alikuwa Bi Paa. Alikuwa mjane, na alikuwa na mtoto mchanga, jina lake Kitete. Kwa njaa, maziwa yakamkauka Bi Paa. Mtoto alinyonya mpaka akachoka, ikawa kazi yake ni kulala tu. Lishikeni hilo, kwa sababu hadithi hii ni ya Kitete kuliko ya huyo mjanja mnayemngojea.

Mjanja mwenyewe ni Nguchiro. Mnamjua, mwili mwembamba, mkia mrefu, maneno hayamwishi. Nyumba yake ilitazamana na ya Bi Paa. Naye alikuwa na watoto, na njaa iliwauma kama ilivyowauma wa wenzake. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, wala simtetei.

Sasa kule bara alikuwako Tembo, mwenye ghala kubwa la mtama wa kuwasaidia waliofikwa na maafa. Habari zikaja kwamba maji yakipwa atavuka yeye mwenyewe, pamoja na Kiboko mbeba mizigo wake. Atapita nyumba hadi nyumba, aone nani ameumia, ndipo agawe. Kisiwa kizima kikafurahi isipokuwa Nguchiro. Aliona kwamba mtama huo ukigawiwa wote, kila mmoja atapata kibaba, na kibaba ni cha siku ngapi?

Basi akaanza kuzunguka mlango kwa mlango. Aliwaambia wenzake kwamba mgeni wa heshima hapokewi kwa kilio. Wafagie nyua, wafunike kwa mikeka mapaa yaliyoezuliwa na kuta zilizobomoka, wavae walichobakiwa nacho. Dhiki wataisema, lakini kwa utaratibu, baada ya salamu, kama walivyofunzwa na wazee wao. Nani angempinga? Ndivyo walivyolelewa wote. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kisha akarudi kwake, akabomoa kuta zake zilizosalia, akajipaka tope na kuwalaza watoto juu ya kifusi.

Tembo akavuka. Puu! Puu! Puu! Nguchiro alikuwa wa kwanza kumlaki ufukweni, akajitolea kumwongoza, maana njia zilizibwa na miti na yeye alijua pa kupenya.

Hapa ndipo penye hila yenyewe. Mnajua tunavyosalimiana sisi. Hata nyumba ikiwa inaungua, ukiulizwa habari utajibu kwanza kwamba ni nzuri. Kisha unavuta pumzi, unasema "ila", na baada ya hiyo ila ndiyo yanakuja yaliyokusibu. Tembo hakuyajua hayo, maana kwao huko bara mwenye shida huanza na shida yake. Nguchiro aliyajua vizuri sana.

Wakaanza kwa Punda. Tembo akauliza habari, Punda akajibu nzuri tu, na kabla hajavuta pumzi Nguchiro akadakia kwamba maji yanaanza kujaa, twende mzee, twende. Kwa Kobe ikawa hivyo hivyo. Kobe naye, maskini, mpaka aifikie ila yake wageni walikuwa wameshapotea vichakani.

Mnacheka. Hata mimi nilipohadithiwa nilicheka papo hapo. Chekeni sasa, msingoje mbele.

Wakafika kwa Bi Paa. Alikuwa amesimama mlangoni na Kitete kifuani, amemfunika kanga safi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Na mtoto hajambo?"

"Hajambo. Amelala." Bi Paa akavuta pumzi. "Ila..."

"Ssss!" Nguchiro akaweka kidole mdomoni. "Mtoto kalala, mzee, tusimwamshe. Na maji yale yatakufungia huku."

Tembo akaitikia kwa kichwa. Akaanza kunyata, mkubwa vile, akiinua mguu mmoja mmoja pole pole, asije akamwamsha mtoto. Bi Paa alitaka kuwafuata, lakini kumkimbilia mgeni huku unalia aliona ni aibu. Akarudi ndani, akafunga mlango.

Kwa Nguchiro, Tembo alipoona kifusi na watoto wamelala juu yake, machozi yakamtoka.

"Kumbe ni wewe peke yako uliyeangukiwa," akasema. "Na bado umetutembeza kisiwa kizima!"

Akamwamuru Kiboko atue magunia yote hapo, nyuma ya kifusi. Kiboko akanung'unika kwamba mtama huo ni mwingi kwa nyumba ndogo kama hiyo. Tembo akamjibu kwamba wengine amewauliza mmoja mmoja, nao wamemwambia kwa vinywa vyao kwamba hawajambo. Wakarudi bara kabla maji hayajajaa.

Basi, hila ikafaulu. Laiti ningeweza kuinyamazia hapo.

Watoto wa Nguchiro wakala, wakashiba. Yeye mwenyewe alikusudia kumpelekea Bi Paa japo uji wa mtoto. Lakini akaona aanze kwanza kuyaficha magunia. Alipomaliza kuyaficha akawaza, akiulizwa ameutoa wapi atasema nini? Akasema kesho. Ilipofika kesho, akasema tena kesho.

Asubuhi moja kilio kikasikika ng'ambo ya njia. Kitete alikuwa amekufa.

Nguchiro akalitoa gunia zima, akaliburuta mpaka msibani akiwa amekusudia kusema yote. Lakini mnajua, anayeleta ubani kwa mfiwa haulizwi ameutoa wapi. Bi Paa akamshika mikono yote miwili.

"Jirani yangu," akasema, "nyumba yako yenyewe imeanguka, na bado umenikumbuka. Mungu akulipe."

Nguchiro akaitikia "Amin," akaliachia gunia. Wanawake wakalichukua gunia, wakatwanga, wakapika ugali wa waombolezaji. Punda akala, Kobe akala, na kila aliyekula akamshukuru Nguchiro. Yeye hakuweza kumeza hata tonge. Siku hiyo mtama wa Tembo ulifika kila nyumba kisiwani, na aliyekuwa akiuhitaji kuliko wote alikuwa ameshazikwa.

Yangu ni hayo, wanangu, nayo yananiuma kila ninapoyasimulia: ukimziba mdomo mwenye njaa, msaada wako utamfikia ukiwa ubani.