Mtambazi Mwekundu wa Bibi Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Mliokaa nyuma sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, mlimani kwenye baridi, palikuwa na mwamba mtupu. Hauna kichaka, hauna hata jani. Mwambani hapo aliishi Bibi Pimbi. Peke yake.

Hakuanza peke yake. Pimbi wenzake walikuwa tele. Walilala wamelundikana kama viazi kikapuni, huyu juu ya yule, joto tupu. Siku moja tai akashuka, vuuu, akamchukua mumewe. Wenzake wakasema, "Mwamba huu hauna pa kujificha. Tuhame." Bibi Pimbi akasema, "Hapa ndipo alipokuwa akiota jua. Mimi siendi." Wakamngoja siku mbili. Siku ya tatu wakavuka bonde, wakaenda zao.

Basi kila asubuhi hutoka pangoni, hulia, kwii, kwii, kwiii. Pimbi hulia hivyo ili aitikiwe. Hutega sikio. Kimya. Hurudi ndani.

Masika yakaja. Mto ukafurika, ukaleta matope, ukaleta magogo, ukaleta na vipande viwili vya mmea mtambazi. Bibi Pimbi akaviokota. Njaa ilikuwa inamuuma, na pimbi anapenda majani kuliko kitu chochote. Akafungua kinywa. Akakifunga.

"Nikiwala, mtakwisha leo," akaviambia. "Nikiwapanda, kesho nitakuwa na wa kumsemesha."

Akachimba, akachimba, akachimba. Akapanda kimoja kulia kwa pango, kimoja kushoto. Kiangazi kilipoingia akawa anateka maji mtoni kwa kinywa, kinywa hiki kulia, kinywa hiki kushoto. Mitambazi ikashika mwamba kwa vimizizi vyake kama vidole, ikapanda, ikapanda.

"Mmeamkaje?" huiuliza kila asubuhi. Halafu hujijibu mwenyewe, "Tumeamka salama, bibi."

Kikaja kipupwe. Ukungu ukafunika mlima. Asubuhi moja Bibi Pimbi akatoka, akaona majani yamegeuka. Haya mekundu kama pilipili, haya zambarau, haya manjano kama bizari. "Na hawa nao wanakufa," akasema.

Mchana wake akasikia chaka-chaka, chaka-chaka. Ni Nungunungu, na miiba yake mgongoni.

"Hodi, bibi."

Miezi mingapi hajasikia hodi! "Karibu, karibu, baba. Pita, ukae."

Nungunungu akatazama majani. Akainama, akanusa udongo. "Pole, bibi. Huu ni ugonjwa. Jani likigeuka hivi, jua mzizi umeoza. Ung'oe mmoja leo, nikautupe mbali. Kesho nitakuja kuutazama wa pili. Na leo nitakaa nawe kidogo, tuzungumze."

Bibi Pimbi akashika shina la kulia, akavuta. Ng'weee. Mmea ukaachia mwamba kidole kimoja kimoja. Mzizi ukatoka mnene, mweupe, mzima kabisa. Aliuona. Akanyamaza.

Mgeni akakaa, akamsimulia habari za bondeni. Bibi Pimbi akacheka, mara ya kwanza tangu tai. Jua lilipoinama, Nungunungu akaondoka na mmea wake.

Kesho yake, chaka-chaka, huyo. "Nimekuja kwa wa pili, bibi. Naona nao umeugua."

"Ule wa jana ulikuwa umeoza?"

"Umeoza kabisa."

"Mbona nyuzi za mzizi ziko menoni mwako?"

Nungunungu akajilamba meno. Kisha akasema taratibu, "Bibi, unataka mmea, au unataka mtu wa kuzungumza naye? Nikitoka hapa leo mikono mitupu, sirudi tena."

Bibi Pimbi akatazama upande wa kulia. Mwambani palikuwa na alama za vile vidole, toka chini hadi juu.

"Jana nilijua, nikanyamaza kwa sababu ya upweke wangu," akasema. "Leo sinyamazi. Nenda salama, baba."

Chaka-chaka, chaka-chaka, mpaka isisikike tena. Bibi Pimbi akaketi chini ya mmea uliobaki, akalia.

Kipupwe kikaendelea. Majani yakazidi wekundu, na hakuna hata moja lililoanguka. Upande wa kushoto mwamba uliwaka. Upande wa kulia ukabaki mtupu. Baridi ilipokwisha, majani yakarudi kijani, mabichi, kana kwamba hayakugeuka kamwe.

Siku moja akapanda pimbi mmoja mzee kutoka ng'ambo, akihema.

"Hodi, dada."

"Karibu."

"Kipupwe chote nilikuwa nauona wekundu huku. Nikauliza, nani anaishi kule? Wakanijibu, hakuna mtu tena, aliyebaki huko lazima keshakufa. Mume wangu naye hayupo, na watoto hawanisemeshi. Nikasema nije nione." Akatazama mmea, uso ukamshuka. "Lakini nimechelewa. Umekuwa kijani."

"Hujachelewa," akasema Bibi Pimbi. "Kaa. Kipupwe kitarudi."

Akakaa. Jioni wakalala pangoni, huyu juu ya yule.

Enyi wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: kubadilika rangi si kufa, na upweke usikufanye ung'oe kilicho chako kwa ajili ya mgeni wa siku moja.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa pango. Wawili wamelala, tusiwaamshe.