Mawe Matatu ya Kibla

Marimari ikiwa chokaa haisomeki. Mmeisikia methali hii leo, mkaniuliza imetoka wapi. Basi ilianza hivi.

Mji wa Mtangani ulikuwa na msikiti wa kale. Kwenye kibla chake, ukuta unaoelekea Makka, yalipachikwa mawe matatu ya marimari yaliyoletwa kutoka Bara Hindi, yamechongwa maua na maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa zamani. Mababu waliyasoma. Wajukuu wao waliyapapasa tu.

Mwaka mmoja kuta zikaanza kumomonyoka, na masika yalikuwa karibu. Matumbawe ya kuchoma chokaa hayakutosha. Mwinyi Shali, mkuu wa mji, akamwita Famau, fundi wa chokaa.

"Yang'oe yale ya kibla uyachome. Chokaa yake haina mfano."

"Yana maandishi, Mwinyi."

"Nani anayasoma?"

Hata Famau hakujua kuyasoma.

Akayang'oa. Mawili akayavunja, akayapanga juu ya magogo, akawasha moto. Tangu hapo hakutulia. Akiketi huinuka, akiinuka hulizunguka tanuri. Uji aliopelekewa na mkewe, Mwana Time, ukapoa bila kuguswa.

"Una nini?" mkewe akamwuliza.

"Sijui. Naona kama nachoma kitu cha mwenyewe, naye hajaniruhusu."

Jiwe la tatu hakulichoma. Alisema tanuri limejaa, akalipeleka nyumbani. Hakuna aliyeliulizia.

Msikiti ukapigwa lipu, ukang'aa, watu wakamsifu fundi. Yeye akawa anapita njia ya nyuma asiuone.

Kiangazi kilipoingia, tajiri mmoja aitwaye Shekuwe alikizungushia ua kisima cha msikiti, akidai ni urithi wa babu yake. Wazee wakasema ni wakfu, maji ya watu wote. Kadhi akataka ushahidi, nao hawakuwa na karatasi. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kusikia kwamba wakfu uliandikwa kwenye mawe ya kibla.

Siku hizo alipita Maalim Idarusi, msomi aliyejua maandishi ya kale. Famau na mkewe wakalibeba jiwe la tatu mpaka msikitini, jasho likiwatiririka. Kadhi, Mwinyi Shali, Shekuwe na wazee walikuwa wamekusanyika. Maalim akaufuata mstari kwa kidole.

"Hapa pameandikwa: hakiuzwi wala hakirithiwi mpaka siku ya Kiyama."

Wazee wakashusha pumzi.

"Nini hakiuzwi?" Shekuwe akauliza. "Kisima, au kiunga cha minazi?"

"Jina limo katika jiwe lililotangulia," Maalim akasema, akiegemea ukuta. "Liko wapi?"

Mwinyi Shali akainamisha uso. Famau akahangaika na kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

"Umeliegemea, Maalim."

Maalim akageuka. Bega la kanzu yake lilikuwa limeshika chokaa.

Kadhi hakuweza kuhukumu kwa nusu ya sentensi. Kisima kikabaki kwa Shekuwe. Famau akalirudisha lile jiwe moja kiblani, likabaki peke yake. Wanawake wa Mtangani, mke wa Mwinyi Shali miongoni mwao, wakawa wanafuata maji ng'ambo ya mashamba, kwenda na kurudi asubuhi nzima. Na kila waliposikia mtu ana haraka ya kuvunja cha kale kwa kuwa hajui kina kazi gani, walimwambia, mitungi ikiwa kichwani:

"Marimari ikiwa chokaa haisomeki."