Kwa Nini Bai Yuko Nje na Antili Yuko Ndani

Hebu niambieni, jamani: kwa nini tangazo la kazi husema apply by Ijumaa, ukichelewa dakika moja mlango umefungwa, lakini ukishapeleka barua unaambiwa wait until further notice? Shuleni mlikaririshwa kwamba by ni ukomo wa kutimiza na until ni urefu wa kungoja. Hamkuambiwa nani aliyewatenganisha ndugu hao.

Zamani, kabla ofisi hazijaota mabenchi nje, Bai na Antili walikuwa mapacha, mabawabu wa Jumbe Kirumbe huko milimani. Bai alishika ngoma: akishataja siku, kazi sharti iishe kabla kivuli hakijagusa jiwe la barazani. Antili alishika mkeka: akiutandika, mtu anaukalia akingoja hadi siku itimie. Walitembea pamoja. Raia akipigiwa ngoma, na Jumbe alipigiwa ileile.

Basi akaja Msengi, aliyekaa ugenini miaka minne akisomea uchimbaji wa mifereji. Mama yake alikuwa na shamba moja la ulezi mteremkoni, na mvua ikija bila mfereji lingesombwa. Lakini bila idhini ya Jumbe hakuna aliyethubutu kuugusa mlima. Msengi akaambiwa alete ushahidi wa usomi wake kufikia siku ya gulio. Akavuka vilima vitatu mbio, akaufikisha miguu imechubuka, kivuli kingali mbali na jiwe. Akaomba jibu siku hiyohiyo, kwani mawingu yalishaanza kujikusanya.

Jumbe alikuwa akitafuna nyama. Akasema atafikiri. Akatafuna mpaka kivuli kikafika, na Bai, asiyejua kujipendekeza, akampigia ngoma usoni: na siku yako imetimia, Jumbe. Baraza zima likaangua kicheko.

Jumbe akaweka mfupa chini. "Bai, ngoma hiyo kawapigie walio nje," akasema. "Antili, mwanangu, njoo ukae karibu nami. Mkeka mtandikie huyo msomi wetu."

Msengi akakaa. Kila asubuhi akauliza, na kila asubuhi Antili akachungulia dirishani: bado, kaka, mpaka Jumbe arudi safari; mpaka wazee wakutane; mpaka muhuri upatikane. Jembe likaota kutu. Msengi akautazama mlima, akijua kila mahali ambapo maji yangepita.

Mvua ikashuka. Ulezi wa mama ukaenda mtoni wote, hata mbegu. Ndipo Jumbe akatoka, akamsimamisha Msengi mbele ya watu.

"Mbona hukuchimba kabla ya mvua? Umechelewa."

Na tangu siku hiyo Bai anatupigia sisi tu, huku nje, migongoni mwetu, na Antili ananenepa ndani kwenye kiti cha kuzunguka.

Nanyi mliorithi kiti cha Jumbe, wenye AC na kalenda ukutani: mfungulieni Bai mlango. Barua zetu mnazo tangu Machi. Tujibuni, ndiyo au hapana, by Ijumaa, kabla kivuli hakijagusa jiwe.