Kioo cha Saa Tatu

Sogeeni, mnaonipenda na mnaonivumilia. Leo nina fumbo, na jibu lake sinalo.

Kwenye kituo kimoja cha kutazama nyota, milimani Lushoto, walifanya kazi watu watatu. Mzee Shekue alikuwa na jicho: aliona nyota ambayo wengine wangeapa haipo. Nakijwa alikuwa na subira ya hesabu. Bi Hatujuani, mpishi wao, alikuwa na kumbukumbu. Hata ugomvi wa mwaka juzi ungemkuta nao ungali wa moto.

Shekue aliwinda galaksi kibete, kikundi kidogo cha nyota za mbali mno. Ukungu ulimnyima wiki nzima. Ulipopasuka kidogo tu, akainasa kwenye kioo cha picha, maana enzi hizo picha za nyota zilipigwa juu ya kioo, akaandika pembeni: saa tatu.

Miaka ishirini baadaye ikapigwa picha ya pili. Nakijwa akalinganisha vioo nukta kwa nukta, miaka tisa ya ujana wake, aone nyota zimesogea wapi. Jibu likamtoa machozi: nyota zinatawanyika, galaksi inavunjika. Hakuna aliyemwamini.

Hatujuani alikuwa akipakua makande aliposikia Nakijwa akieleza kwamba picha ya mzee ilipigwa saa tisa usiku.

“Saa tisa ipi, mwanangu? Nilimpelekea chakula baada ya isha, akafunga mitambo ukungu uliposhuka. Saa tisa alikuwa anakoroma.”

Kumbe msomi wetu alisoma saa ya Kizungu, na mzee aliandika ya Kiswahili! Saa tatu ile nyota zilikuwa chini, karibu na upeo wa macho, na huko hewa hupinda mwanga wake, zikaonekana kana kwamba zimehama. Nakijwa akarekebisha hesabu. Nyota hazikutawanyika, zilikuwa zinakwenda pamoja.

Siku zikapita, kituo kikafungwa. Wakaambiwa wachukue kioo kile cha kwanza, kiwe kumbukumbu yao. Kimoja tu, na kioo hakikatwi vipande.

Shekue, macho yamekwisha kuingia ukungu, alikipapasa akasema ndiyo picha ya mwisho aliyoiona vizuri. Nakijwa alitaka kusema ujana wake wote umo humo. Alizikumbuka jioni zile, vicheko vyao, harufu ya makande, na moyo ukamuuma. Ndipo Hatujuani akasema polepole:

“Nyinyi majina yenu yameandikwa vitabuni. Mimi niliwapikia.”

Nakijwa akabaki ameshika kioo, hajui amkabidhi nani.

Haya, kingekuwa mikononi mwako, ungempa nani?