Sange na Bakuli Lisilorudi Tupu

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walipika, walifua nguo na kusengenyana kisimani kama sisi, palikuwa na kitongoji kiitwacho Nyamasiri. Wako watakaowaambia kwamba mjanja wa kitongoji hicho alikuwa Sungura. Msiwasikilize. Sungura siku hizo alikuwa kwa mashemeji zake. Mjanja alikuwa Sange, na mimi ndiye niliyeipata habari hii nzima, bila kipande kupotea njiani.

Sange hamumjui? Ni kama panya, lakini mwambie hivyo uone atakavyonuna. Ni mdogo wa kutosha kulala ndani ya kiatu changu, ila pua yake ndefu inachezacheza huku na huku kama mkonga wa tembo. Akipita husikii hatua. Unasikia tu tipu-tipu-tipu, ukigeuka hayupo.

Mwaka huo mvua ilikataa. Majani yakakauka hata ukiyakanyaga yanalia kwacha kwacha. Jirani yake Sange, Mama Swala, akajifungua mapacha katikati ya ukame huo, na wiki hiyohiyo akatumbukiza mguu kwenye shimo la mhanga, kwatu, mguu ukateguka. Mumewe alikuwa mbali kutafuta malisho. Basi mama yuko chini, hawezi kuchuma hata jani moja, na mzazi asiyekula hana maziwa. Watoto wananyonya, wananyonya, hakitoki kitu.

Siku ya tatu Sange akachungulia dirishani. Mapacha walikuwa hawalii tena. Hapo ndipo alipoogopa kweli, maana mtoto anayelia bado ana nguvu.

"Dada, umekula nini tangu juzi?"

"Nimekunywa maji, Sange."

"Maji si chakula."

"Kwa leo ndiyo chakula, kaka yangu. Usinichekeshe, mguu unauma."

Chakula kilikuwapo Nyamasiri, lakini kwa wawili tu. Juu kilimani alikaa Mzee Tembo na mkewe Mama Shangwe, wana ghala la mtama lililojaa mpaka limeegemea upande. Chini mtoni alikaa Kiboko peke yake, na bustani ya maboga aliyoimwagilia mwenyewe. Nyumba ya Mama Swala ilikuwa katikati, njiani kabisa.

Tatizo ni kwamba Tembo na Kiboko walikuwa hawasalimiani mwaka wa tatu huo. Kisa ni harusi. Kiboko alisema mbele za watu kwamba masikio ya Tembo yanatosha kupepetea mchele wa kijiji kizima. Tembo naye akajibu kwamba mchele huo basi uhifadhiwe kinywani mwa Kiboko, ghala la kutosha. Watu wakawacheka wote wawili. Tangu hapo, huyu akipita njia hii, yule anapita ile.

Mimi ningeanza na ujanja moja kwa moja. Sange, kwa heshima yake, alijaribu ukweli kwanza. Akapanda kilimani, tipu-tipu-tipu.

"Shikamoo babu. Mama Swala na wanawe wana njaa. Nimekuja kuomba mtama kidogo."

"Marahaba, wewe kapua," Tembo akasema. "Mbona umenijia mimi? Kiboko yuko karibu naye kama mimi. Kamwambie huyo mwenye maboga."

Sange akashuka mtoni. Kiboko alikuwa ndani ya maji, macho tu nje.

"Mwenye ghala ni Tembo," Kiboko akasema, bubububu, maji yakimtoka puani. "Mimi naishi peke yangu, napika sufuria moja ya mtu mmoja. Nani alishawahi kuniletea mimi hata kijiko cha mchuzi? Nenda kwa wenye familia."

Sange akarudi akaketi juu ya kichuguu. Pua ikacheza kushoto. Pua ikacheza kulia. Halafu ikasimama.

Sasa tegeni masikio. Pale Nyamasiri, kama ilivyo kwetu, jirani akikuletea chakula hurudishi bakuli lake tupu. Utatia chochote ulicho nacho, hata kama ni limau moja. Ukirudisha tupu, utasemwa kisimani mpaka ukahame. Ila kwa sababu ya ule ukame na ule mnuno wa harusi, mwaka mzima bakuli hata moja halikuwa limevuka uzio wa mtu.

Sange akaenda ukingoni mwa mto, akachuma mlenda uliobaki kwenye tope. Akaupika na konzi moja ya karanga zake za mwisho, akatia kwenye bakuli, akalifunika kawa. Mbio kilimani.

"Hodi."

"Karibu," Mama Shangwe akaitikia. "Umeleta nini tena?"

"Nimetumwa tu, bibi. Mlenda huu umetoka kwa Kiboko. Amesema ninyi huku juu hamna majani mabichi."

Tembo akaacha kutafuna. "Kiboko yupi?"

"Tunaye mwingine?"

"Yule mwenye mdomo? Mrudishie. Sili chakula chake."

Mama Shangwe alikwisha kufunua kawa. Mvuke wa karanga ukampanda puani, na pua ya tembo si ya kuchezea. "Baba Shangwe, mtu amejishusha, wewe unajipandisha? Mimi bakuli la watu silirudishi hivihivi. Unataka wenzangu waseme nini? Nenda ghalani."

"Mtama wa kumpa yule..."

"Ghalani, mume wangu. Na usichukue ule wenye mchwa."

Basi Sange akatoka na bakuli la uji mzito wa mtama, limejaa pomoni. Akashuka kilima, akaangalia nyuma, akaangalia mbele, akapenya uzio wa Mama Swala. Nusu akamtilia kwenye kibuyu.

"Kunywa, dada. Mzee Tembo anakusalimu."

Mama Swala akanywa bila kupumua. Sange akalisawazisha bakuli lionekane halijaguswa, na nusu iliyobaki akaipeleka mtoni.

"Kaka Kiboko, bakuli lako hili. Limetoka kwa Tembo."

Kiboko akatoka majini mzima mzima, chubwi, akasimama anadondokwa na maji. Akafunua kawa. Akafunika. Akafunua tena.

"Limetoka kwake kweli?"

"Kwa mikono ya Mama Shangwe."

"Tangu mama yangu afariki sijaletewa bakuli," Kiboko akasema. Akaketi chini akanywa ule uji polepole, na Sange, mwongo yule, akageukia pembeni kujifanya anatazama ndege.

Siku ile Kiboko alipika maboga kwa ajili ya mtu mwingine, mara ya kwanza maishani mwake.

"Onja," akamwambia Sange. "Na usinidanganye."

"Yameungua kidogo."

"Kidogo wapi?"

"Chini. Na katikati. Juu pia, kaka, lakini utamu upo."

Yakapanda hivyohivyo kilimani, nusu yameachwa kwa Mama Swala. Na kuanzia hapo, wanangu, shughuli ikachanganya! Tembo akipata bakuli la maboga anarudisha sufuria ya mtama, asionekane bahili. Kiboko akipata sufuria anarudisha beseni. Huyu kaongeza karanga, yule kaongeza asali. Sange kajitwisha kata kichwani, sufuria juu ya kata, yeye mwenyewe haonekani. Watu wa Nyamasiri walikimbia wakisema wameona sufuria inatembea peke yake. Asubuhi kilimani, adhuhuri mtoni, na kila safari nusu inaingia uzio wa katikati. Mama Swala akapata maziwa. Mapacha wakaanza kulia, na kilio kile Sange alikisikia kama ngoma ya harusi.

Siku ya tisa Kiboko akasema, "Leo hupeleki. Nakwenda mwenyewe kumshukuru Tembo."

Moyo wa Sange ukafanya pa! Mguu wa Mama Swala ulikuwa bado kupona. Wakikutana hao wawili leo, chakula kimekwisha leo.

"Usiende, kaka. Tembo ana mafua. Na mafua ya tembo unayajua, akipiga chafya moja unaokotwa kitongoji cha jirani."

"Mgonjwa?" Kiboko akashtuka. "Na hukuniambia? Mtu ananilisha siku tisa, anaugua, mimi nikae majini? Nipishe nichukue sinia."

Angalieni hapo ujanja ulivyomgeuka mwenyewe. Sange akatimua mbio kilimani, tipu-tipu-tipu, akamtoe Tembo nyumbani.

"Babu, toka hapa, nenda shamba la mbali. Leo si siku ya wageni. Kiboko mwenyewe yuko hoi kwa jino."

"Jino? Lile pembe lote linamuuma?" Tembo akasimama. "Mama Shangwe, lete mizizi ile ya meno. Na uji mwepesi, hataweza kutafuna. Maskini, anaishi peke yake yule, atasaidiwa na nani?"

"Babu, huna haja..."

"Nipishe, nisikukanyage."

Wakakutana njiani, mbele ya uzio wa Mama Swala. Kiboko ana sinia la maboga kichwani, Tembo ana chungu cha uji mkongani. Kila mmoja akamwonea mwenzake huruma.

"Pole sana na mafua, Mzee Tembo. Ungebaki kitandani."

"Mafua gani? Pole wewe na jino."

"Jino gani?"

"Hilo linalokuuma."

Kiboko akapanua kinywa, waaa, mpaka kukaonekana kwa ndani. "Tazama mwenyewe. Yote mazima."

"Nani kakuambia nina mafua?"

Wakatazamana. Wakageuka pamoja. Sange alikuwa ananyemelea kwenye nyasi, mkonga ukatua mbele yake, pwaa, vumbi likatimka.

"Kapua," Tembo akasema. "Ule mlenda wa kwanza ulitoka kwa nani?"

Sange akainamisha pua. "Nilichuma kwenye ukingo wa kaka Kiboko, babu. Karibu ni kama umetoka kwake."

"Nani aliupika?"

"Mimi."

"Na nani aliutuma?"

"Mimi pia. Niliwaomba kwa ukweli, mkanirusha huku na huku kama mpira."

Kiboko akalitua sinia chini. "Kwa hiyo hakuna aliyenikumbuka," akasema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Sange angepata nafuu.

Tembo akapapasa udongo kwa mguu. Hapo mlango ukalia, nyii, Mama Swala akatoka anachechemea, macho yanang'aa kwa furaha.

"Nimesikia sauti nikasema siamini. Wenyewe mmekuja? Siku tisa mnanilisha, kila siku salamu zenu zinafika, mimi siwezi hata kuja kushukuru. Hawa watoto walikuwa wanakufa, Mzee Tembo. Walishaacha kulia." Akageuka ndani akaita, "Tembo, njoo usalimie. Mlete na Kiboko mwenzio."

Wakatoka watoto wawili wa swala, miguu kama njiti za kiberiti, wanayumba. Mmoja akaenda kunusa kidole cha Tembo mkubwa. Mwingine akamkwaa Kiboko, akaanguka, akainuka, akajaribu kumnyonya goti.

"Ndiyo majina niliyowapa," mama yao akasema. "Msikasirike kwa kuwa ni wadogo. Watakua."

Neno moja tu la hao wakubwa, "hatukutuma sisi," na kila kitu kingebomoka.

Kiboko akamtazama yule mtoto gotini pake. Halafu akamwambia Tembo, taratibu, mama asisikie, "Yale maboga yaliyoungua. Uliyala?"

"Niliyala. Mama Shangwe alitaka kuyamwaga, nikamwambia aniachie bakuli."

"Basi yale niliyapika mimi, kwa ajili yako. Hapo Sange hakudanganya."

"Na mtama niliuchagua mimi," Tembo akasema. "Nilisimama ghalani nikitafuta punje nene, nikisema yule mtu leo ale vizuri." Akakohoa kidogo, kama mtu mwenye mafua kweli, kisha akapaza sauti. "Mama Tembo mdogo, ingia ndani ukae. Huo mguu unasimamishwa juani kwa nini? Kiboko, ndugu yangu, lete hilo sinia."

Wakaingia wote. Aliyekula zaidi ya wote alikuwa Sange, na kila alipomaliza alijisifu upya. Mama Swala alipokwisha kupona na kutembea, mabakuli yaliendelea kupanda na kushuka, yakibebwa na wenyewe, na ghala la Tembo kwa mara ya kwanza likasimama wima.

Funzo lake ni moja, wanangu: ukimlisha jirani, unamlea yeye na wewe mwenyewe unakua.