Ndoto ya Kibuyu cha Mwisho

Wanangu, ngano ipo mlangoni!

Ifungulie, iingie, ikae!

Hapo kale, kale ya mbali, wanyama wa bonde moja walikuwa na desturi yao. Kiangazi kikizidi, walichemsha majani ya usingizi, wakanywa, wakalala pamoja kivulini. Ndotoni waliona mahali maji yalipojificha. Wakiamka, walikwenda kuchimba.

Kipimo chao kilikuwa makonzi matatu ya majani kwa vibuyu sita vya maji.

Basi mwaka mmoja jua likakausha hata umande. Vikabaki vibuyu vitatu tu. Mwana wa Paa alikuwa hoi, ulimi umemkauka, na mama yake akimpepea kwa masikio.

Fisi akatwaa kibuyu cha kwanza. "Makonzi matatu, kama babu zetu," akasema, akayatia yote. Wakalala fofofo. Walipoamka, hakuna aliyekumbuka hata jina lake, sembuse ndoto. Fisi alimwita Nyani shangazi.

Nyani akaogopa. Kibuyu cha pili akakitilia jani moja. Wakaota ukungu, ukungu mtupu, na maji yakinong'ona mbali sana.

Kikabaki kimoja.

"Mpe mtoto anywe, yaishe," Fisi akamwambia Paa.

Paa akakitazama kibuyu, akamtazama mwanawe. Moyo ulimuuma. Akinywa leo, kesho je?

"Ngojeni," akasema. Akapanga mawe sita mahali pa vibuyu, akaweka na makonzi matatu ya majani. "Kila konzi lina mawe yake mawili. Leo jiwe ni moja. Basi ni nusu konzi."

"Nusu tu?" Fisi akauliza.

"Maji yamepungua, Bwana Fisi. Majani nayo yapungue vivyo hivyo."

Wakanywa kidogo kidogo. Mtoto akadondoshewa tone ulimini. Usingizi ukaja polepole, bonde likaelea, mawe meupe yakainuka, yakatembea, yakaketi kuizunguka chemchemi.

Mtoto ndiye aliyeamka kwanza.

"Mama, nimeota miguu yangu imelowa. Ni kule kwenye mawe meupe."

Walichimba kule, maji yakaja. Paa alilia mbele ya wote, wala hakuona haya. Mwanawe akanywa kwanza.

Nanyi mkipika uji wa watu wachache, msipunguze maji mkausahau unga. Kikipungua kimoja, kingine kipungue kwa kiasi kilekile. Kikiongezeka, vilevile.

Ngano yangu imesinzia hapa. Ifunikeni shuka, nasi tulale.