Dua ya Mwalimu Asiyeona

Ndugu zangu, alikuwepo mwalimu mmoja asiyeona. Alifundisha historia shule ya sekondari, na kazi yake yote ilikuwa ndani ya kompyuta ya kupakata, ile inayosema. Unagusa kitufe, inakutamkia herufi. Unafungua barua, inakusomea. Maswali ya mtihani aliyaandika humo, alama za wanafunzi aliziweka humo.

Lakini kompyuta ile ilikuwa imezeeka. Alikuwa akigusa kitufe sauti inachelewa, anamaliza neno zima ndipo mashine inatamka herufi ya kwanza. Wanafunzi wakaanza kucheka. Mkuu wa shule akamwita, akamwambia kwa upole, ule upole unaotisha kuliko ukali, "Mwalimu, alama za kidato cha nne zimechelewa tena. Zikichelewa na muhula huu, itanibidi darasa nimpe mwenzako."

Mwalimu akatoka ofisini. Alikuwa na mke na watoto, na kazi nyingine hakuijua.

Akaelekezwa kwa fundi mmoja mjini anayeweza kutoa prosesa ya zamani, yaani kile kidude kinachoifikiria kompyuta mambo yake yote, akaweka nyingine yenye kasi zaidi. Mashine nyingi za siku hizi hazikubali, lakini ile ya zamani ilikubali. Basi akaenda, fimbo nyeupe mkono mmoja, kompyuta ameikumbatia kwa mkono wa pili.

"Fundi," akasema, "naogopa kuifungua hii. Haya ndiyo macho yangu."

"Ondoa wasiwasi, mwalimu. Kazi hii nimeifanya sana. Keti hapo kwenye benchi, utaondoka nayo leo leo."

Na fundi hakusema uongo. Kazi alikuwa anaiweza. Akalegeza skrubu, akatoa feni, akatoa prosesa ya zamani. Ile mpya chini yake ina vijino vyembamba kama nywele, vinavyoingia kila kimoja kwenye tundu lake. Unailaza taratibu, inakaa yenyewe, kisha unaifunga. Haisukumwi.

Simu ya fundi ikaita. Akaibana kati ya sikio na bega, akaanza kubishana na rafiki yake habari za mpira, huku mikono inaendelea na kazi. Kidude kikagoma kukaa. Akakisukuma kwa kidole gumba.

Kikalia, kach.

Akakata simu. Akakiinua, akaona vijino vimepinda. Akavinyoosha kwa sindano, mkono unatetemeka, akakirudisha mahali pake, akawasha. Kamoshi kembamba kakapanda. Ule ubao wa ndani unaobeba kila kitu uliungua mbele ya macho yake.

Mwalimu akainua kichwa. "Fundi, nasikia harufu ya kuungua."

Jasho likamtiririka fundi mgongoni. Aliiona aibu inakuja, akaliona jina lake linapotea mji mzima. Akamtazama mwalimu, na alipomtazama akakumbuka kwamba huyu haoni. Hakuiona simu. Hakukiona kidole gumba. Hakuuona moshi. Basi moyo wa fundi ukatulia.

Mmenisikia? Ukatulia. Katika habari hii yote hakuna mahali panaponitisha kama hapo. Dakika moja kabla mtu alikuwa anatetemeka, sasa hatetemeki. Ni nini kimebadilika? Mashine bado imekufa, na aliyeiua ni yule yule. Kwa hiyo muda wote ule alikuwa akimwogopa nani?

"Ni jirani hapa nje, mwalimu," akasema. "Analehemu redio."

Akazirudisha skrubu. Akakaa kidogo, akajifanya anahangaika, akagongagonga meza. Mwishowe akasema, "Pole, mwalimu. Mashine yako ilikuwa imeshachoka. Nimejaribu kila njia, imekataa kuwaka."

Mwalimu akanyoosha mikono akaipokea. Akapapasa, akakipata kitufe cha kuwashia, akakibonyeza na kusogeza sikio. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Akabaki ameinama vile vile, sikio juu ya mashine, na fundi akaona midomo yake inacheza bila sauti.

Kisha mwalimu akasimama. Hakumlaumu mtu. Akainua viganja vyake, akasema, "Fundi, umetoka jasho kwa ajili yangu, na mimi sina cha kukupa. Mungu akulipe sawasawa na ulivyonitendea."

Akangoja amina.

Msidhani alikuwa akimtega. Hakujua lolote. Alimwamini fundi wake, akamwombea heri kwa moyo mweupe. Lakini fundi alifungua kinywa na amina haikutoka. Sawasawa na ulivyonitendea! Akawaza siku atakayolala kitandani hospitali, maisha yake mikononi mwa mtu anayebishana habari za mpira kwenye simu. Akawaza mwanawe amekabidhiwa kwa mtu, na mtu huyo ametazama huku na huku akaona hakuna anayemwona. Akatamani mwalimu amtukane. Tusi angelibeba. Dua ile haikubebeka.

"Fundi, upo?" mwalimu akauliza. "Mbona huitikii?"

"Mwalimu, nakuomba uirudishe hiyo dua. Mashine haikuchoka. Nimeiua mimi. Nilikuwa naongea na simu, nikaisukuma."

Mwalimu akarudi kuketi, polepole. "Kwa hiyo ile harufu ilikuwa ya mashine yangu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mimi niko hapa nakuombea."

Fundi akachukua kompyuta yake mwenyewe, ile aliyokuwa akifanyia kazi zake. Akatoa kwenye mashine iliyokufa ile diski yenye kazi zote za mwalimu, ambayo moto haukuigusa, akaifunga ndani ya hiyo yake. Akawasha, akahangaika nayo mpaka sauti ikatoka, nyepesi, bila kusitasita. Mwalimu akaandika jina lake, akalisikia likitamkwa. Akaipokea kompyuta, na muhula ule alama zake ziliwahi. Lakini ile dua hakuirudia. Alisema tu, "Kwaheri, fundi," akatoka akipapasa njia kwa fimbo.

Sasa tuje kwetu sisi.

Wangapi humu mioyo yetu imetulia kwa sababu tu aliyetuamini haoni? Mtoto wa marehemu ndugu yako ni mdogo, hajui mpaka wa shamba la baba yake ulikuwa wapi mwaka jana. Wewe unajua, maana wewe ndiye uliyeusogeza. Mama yako mzee hasomi, anakupa karatasi umsomee, na wewe unasoma unayotaka. Mkeo yuko nyumbani anaamini uko kazini. Na watu hawa, ndugu zangu, ndio wanaotuombea. Kila siku tunasikia: ahsante mwanangu, Mungu akulipe. Ahsante mume wangu, Mungu akulipe. Nasi tunaitikia amina haraka haraka, bila kujua tunaitikia nini.

Nilikuja hapa leo nimekusudia kuwafungia kwa dua ya mwalimu yule, niseme Mwenyezi Mungu atulipe sote sawasawa na tulivyowatendea wanaotuamini. Nimefika hapa nimeiogopa. Nimewaogopea ninyi, na nimejiogopea mimi.

Siisemi. Nasema hivi: Ewe Mola, usitulipe bado. Tupe muda wa kurudi kwao tukawaambie ukweli.